Daftari la Nyakato

Machi: Passo kumi na moja.
Naandika kwa wino mwekundu, bosi anapenda
namba zinazoonekana kutoka mlangoni.
Vitz saba. Demio nne. Swift tatu,
na mojawapo ya hizo tatu imerudishwa
kwa kuwa mke wa mnunuzi alisema
haendi nayo kanisani, imekaa kama kiatu.

Ng'ambo ya barabara, kwa Lushinge,
wanauza March na Fit.
Karani wao, Bulugu, anahesabu zetu;
mimi nahesabu zao.
Jioni, mageti yakifungwa kwa minyororo,
tunatazamana juu ya malori ya Musoma
kama makipa wawili
ambao hawajagusa mpira.

"Mtoyota anaongoza kwa ngapi?" bosi huuliza.
Mtoyota, asemavyo, kama mtu wa ukoo fulani
aliyehamia Usukumani na ng'ombe wengi.
"Na Msuzuki? Mmazda bado amelala?"
Namjibu kwa asilimia. Asilimia humtuliza,
hata asipojua ni asilimia ya nini.

Lakini mimi najua kinachouza.
Si breki, si viti, si redio
inayotusalimu Kijapani kila ukiwasha.
Ni mabondo.
Bondo likipanda bei kule Igombe,
kufikia Ijumaa vijana wako hapa
na noti zinazonuka sangara,
wanapiga tairi teke, wanauliza:
lita moja inanifikisha wapi?
Kisesa na kurudi, nasema,
na chenji ya kupaki.
Bondo likishuka, tunafuta vumbi.

Aprili, mvua. Passo mbili.
Kwa Lushinge, March tano!
Bosi hakula siku ile.
Akanituma nikachungulie wana dawa gani.
Nikavuka na mwavuli, nikamkuta Bulugu
anachemsha chai ndani ya kontena.
Hawakuwa na dawa. Bei ileile, rangi zilezile.
Mwalimu mmoja wa Buswelu alinunua,
wenzake wanne wakasema: kwani yeye nani?
"Hiyo utaiandika kwenye safu ipi?" akaniuliza.
Nikanywa chai yake.
Sikuandika.

Mei nikapeleka Passo ya mteja kwa Mkama,
fundi wa Mabatini, mikono myeusi hadi viwikoni,
nyuma yake nyumba zimeng'ang'ania majabali
kama kupe.
Naye ana daftari, limelowa oili.
Nikalifunua akiwa chini ya gari:
Passo. Passo. Vitz. Passo.
Passo, sampo, jiwe.
Passo, sampo, jiwe lilelile.
"Wewe unahesabu zinazotoka," sauti ikasema kutoka uvunguni,
"mimi nahesabu zinazorudi.
Wa kwanza wako ndiye wa kwanza wangu.
Usimwambie bosi wako."
Nikamlipa elfu thelathini.
Nikamwambia bosi. Akasema:
"Basi tuuze na sampo."

Kuna moja haimo katika daftari lolote.
Demio ya manjano, pembeni, karibu na tangi la maji,
ilishuka melini na jicho moja bovu
na sasa ina mwaka wa pili.
Mlinzi Ngeleja anaweka humo sufuria yake,
jembe, na sare ya shule ya bintiye
ili isilowe.
Nimeipigia hesabu kwa mshahara wangu:
miezi thelathini na minane,
bila kula, bila kodi, bila mama kuugua.

Jana, wote walipoondoka,
nikaomba ufunguo.
Nikakaa na sufuria mapajani.
Taa za Bugando zilikuwa zimeshawaka mlimani,
na huko ng'ambo Bulugu alikuwa akivuta mnyororo,
ananihesabu, sijui kama nani:
mnunuzi, au gari.
Nikawasha.
Yule mama wa Kijapani akaamka ndani ya dashibodi,
akaniuliza kitu kwa adabu sana.
Wanasema huwa anaomba kadi.
Nikamwambia:
sina, dada.
Lakini endelea kuongea.